Mafua ya Kuku Yasiyosikia Dawa: Daktari wa Mifugo Anajibu Barua Zenu

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii tangu kiangazi kianze zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kuku wanakoroma na kupiga chafya, dawa imetolewa, nafuu imekuja kisha imeondoka, na kila aliyeombwa ushauri ametaja ugonjwa wake. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika hayakuwekwa.

Swali: Daktari, salaam. Ninafuga kuku wa mayai 600 hapa Kibaha, na sasa wana umri wa wiki 34. Walipata chanjo za mdondo, gumboro na ndui. Wiki tatu zilizopita walianza kupiga chafya, na usiku ukisimama nje ya banda unawasikia wakikoroma. Mayai yameshuka kutoka trei 18 kwa siku hadi trei 11. Mengine yana ganda laini au lenye mikunjo, yale ya kahawia yamepauka, na ukivunja yai unakuta ute umekuwa majimaji. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo alinipa antibiotiki, wakapata nafuu kwa siku tano, kisha hali ikarudi na sasa wanakufa mmoja mmoja. Yeye anasema ni mafua ya kawaida, jirani yangu anasema ni mdondo, na kijana anayenihudumia banda anasema ni mafua ya ndege. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu mfugaji, yawezekana zaidi ya mmoja wao ameona sehemu ya ukweli, kwa sababu mambo uliyoyaeleza ni vigumu kuyabebesha ugonjwa mmoja peke yake.

Tuanze na mayai, maana ndiyo yanayozungumza waziwazi zaidi katika barua yako. Ganda lenye mikunjo, rangi iliyopauka na ute uliokuwa majimaji, vikifuatana na chafya zilizoenea banda zima kwa muda mfupi, vinaelekeza kwanza kwenye bronkaitisi ya kuku. Huu ni ugonjwa wa virusi vya jamii ya korona, ulioelezwa mara ya kwanza huko North Dakota, Marekani, mwaka 1931. Kuku huanza kuonyesha dalili saa 18 hadi 36 tu baada ya kuvuta virusi hivyo, navyo hushambulia bomba la hewa na mrija wa mayai, na aina zake nyingine hushambulia figo pia. Katika orodha yako ya chanjo sikuiona chanjo ya bronkaitisi, na hilo linaongeza shaka yangu. Hata hivyo, bronkaitisi ikiwa peke yake ni nadra kuua kuku wakubwa wa mayai. Vifo vyako vina mkono mwingine.

Jirani yako aliyetaja mdondo asipuuzwe. Wafugaji wengi huamini kwamba kuku aliyechanjwa hawezi kuambukizwa mdondo, ilhali chanjo kazi yake kubwa ni kumzuia asiugue vibaya na asife. Haizuii kila mara virusi kuingia na kuzaliana kidogo kwenye koo lake. Kwa hiyo virusi vikali vya mdondo vikiingia kwenye kundi lililochanjwa miezi mingi iliyopita, hutaona shingo zilizopinda wala mharo wa kijani banda zima. Utaona mayai yakipungua na kuku wachache wakikoroma, yaani picha inayofanana mno na ile ya bronkaitisi. Virusi hivyo viwili vinaweza kuwa ndani ya kuku mmoja kwa wakati mmoja, na macho ya mtu, hata yawe ya daktari mzoefu, hayawezi kuvitenganisha.

Sasa tuje kwenye ile nafuu ya siku tano. Ukuta wa ndani wa bomba la hewa la kuku umefunikwa na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga pamoja muda wote na kusukuma kamasi, vumbi na vijidudu kuelekea juu, mfano wa watu waliojipanga mstari na kupitishiana ndoo wakati wa kuzima moto. Virusi vya bronkaitisi, vya mdondo, vya mafua ya ndege na vile vya metanyumo vinavyovimbisha kichwa, vyote huharibu seli zenye vinyweleo hivyo. Mstari ukishakatika, vumbi la banda lililojaa bakteria aina ya E. coli hushuka moja kwa moja hadi kwenye mapafu na mifuko ya hewa. Mifuko hiyo ina mishipa michache sana ya damu, na kwa sababu hiyo kinga ya mwili haifiki huko kwa wingi, na dawa pia huifikia kwa shida. Antibiotiki uliyopewa iliwapunguza bakteria, ndiyo maana kuku walichangamka. Lakini haikuvigusa virusi, wala haikuotesha vinyweleo vilivyoanguka, ambavyo baada ya bronkaitisi huhitaji wiki mbili hadi tatu kurudi. Dozi ilipokwisha, njia ilikuwa bado wazi na bakteria wakaingia tena. Kama banda lako lina mikoplazma pia, yaani bakteria wanaokaa kwenye njia ya hewa, na mabanda mengi ya kuku wa mayai huwa nayo, mkoromo huo utavuta muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo tunachotakiwa kutafuta ni mpangilio: nani alitangulia, nani alifuata, na nani yupo bandani hapo leo. Kibaha si mbali na maabara kuu ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania iliyopo Temeke. Wasiliana nao kabla ya kwenda, kisha wapelekee kuku watatu hadi watano walioanza kuumwa siku za karibuni na ambao hawajapewa dawa, pamoja na aliyekufa siku hiyohiyo akiwa kwenye ubaridi, asiwe amegandishwa. Omba uchunguzi wa mzoga, kipimo cha PCR (kinachotafuta urithi wa virusi) cha mdondo, bronkaitisi na mafua ya ndege, na uoteshaji wa bakteria pamoja na kipimo cha dawa inayowaua. Wiki tatu ni muda mrefu kwa virusi vya bronkaitisi kuendelea kuonekana kwenye koo, lakini vinaweza kubaki kwenye figo na kwenye tezi za utumbo, kwa hiyo mwombe mtaalamu achukue sampuli za huko pia. Damu ichukuliwe sasa na ichukuliwe tena baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu kinachosema kitu ni kupanda kwa kingamwili kati ya vipimo viwili. Kipimo kimoja kwa kuku aliyechanjwa hakielezi mengi. Peleka tarehe na majina ya chanjo zote ulizotoa. Bila hizo maabara inaweza kukuta virusi vya chanjo na kuvidhania kuwa ndivyo vilivyoleta maradhi.

Wakati unasubiri majibu, usinunue antibiotiki nyingine. Dawa nyingi zinazouzwa madukani haziruhusiwi kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa, na zinazoruhusiwa zina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Mayai ya siku hizo hayauzwi, hata kama mteja wako hatajua. Punguza harufu ya mkojo bandani, kwa maana hewa hiyo ya amonia inapofika sehemu 25 kwa milioni huviumiza vinyweleo vilevile vilivyokwisha kuumizwa na virusi. Chuchumaa usawa wa kichwa cha kuku. Macho yako yakiwasha, kwao ni mbaya kuliko unavyodhani. Toa maranda yaliyolowa, lakini uyanyunyizie maji kidogo kwanza ili usitimue vumbi, fungua mapazia upande usiopigwa na upepo wa usiku, na usichanje kuku wanaoumwa.

Kuhusu trei zako saba zilizopotea, baada ya bronkaitisi utagaji huchukua takriban wiki sita hadi nane kurudi, na mara nyingi haufiki pale ulipokuwa. Piga hesabu ya chakula mapema. Na vifaranga wako wajao wapate chanjo ya bronkaitisi tangu siku ya kwanza, kwa sababu kifaranga anayeambukizwa katika wiki mbili za mwanzo anaweza kuharibika mrija wa mayai na kukua akiwa tetea mwenye upanga mwekundu, anayekula kama wenzake na asiyetaga hata yai moja. Mfugaji hugundua hasara hiyo miezi mitano baadaye, na kwa kawaida humlaumu muuza chakula.

Mafua ya ndege nitayajibu kwenye barua ya mwisho kasoro moja.

Swali: Daktari, mimi nafuga kuku wa nyama huko Kiambu, mia tano kwa kila awamu. Siku ya 21 niliwapa chanjo ya pili ya Newcastle kwenye maji. Kufikia siku ya 24 banda lote lilikuwa linakohoa, na kufikia siku ya 28 nilikuwa nimepoteza zaidi ya sitini. Je, chanjo ndiyo iliyowaua? Rafiki yangu ameacha kuchanja kabisa, na kuku wake wako sawa.

Jibu: Chanjo hai ya kideri, yaani mdondo au Newcastle, ni virusi vilivyo dhaifu ambavyo lazima vizaliane kwenye koo ili vijenge kinga, na kwa hiyo chafya nyepesi kwa siku tatu hadi tano baada ya kuchanja ni jambo la kawaida. Vifo sitini si jambo la kawaida. Kinachoelekea kutokea katika hali kama yako ni kwamba chanjo ilikuta koo ambalo tayari lilikuwa na mgeni. Mgeni huyo anaweza kuwa mikoplazma iliyotoka kwa kuku wazazi kupitia yai, anaweza kuwa bronkaitisi, na katika Kenya ya leo ni lazima pia tufikirie virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H9N2, ambavyo watafiti wamevitenga kutoka kwa kuku katika masoko ya kuku hai nchini humo.

H9N2 yahitaji maelezo, kwa kuwa watu wakisikia mafua ya ndege huwaza vifo vya ghafla vya banda zima. Aina hii ni dhaifu. Ikimpata kuku mwenye afya katika chumba cha majaribio, humfanya apige chafya kidogo tu au isimfanye lolote. Ili virusi vya mafua viingie kwenye seli, protini iliyo juu yao lazima kwanza ikatwe na kimeng'enya, na kimeng'enya kinachoikata ile ya H9N2 hupatikana hasa kwenye njia ya hewa na utumbo. Ndiyo sababu haisambai mwili mzima kama ndugu zake wakali. Lakini bakteria fulani wanaoishi kwenye koo hutoa vimeng'enya vya namna hiyo wao wenyewe, na uwepo wa bronkaitisi nao umeonekana kukirefusha na kukikoleza kipindi cha ugonjwa. Nchini Iran, ambako H9N2 iliingia mwaka 1998, mabanda ya kuku wa nyama yalipata vifo vingi ambavyo virusi hivyo peke yao havikuweza kuvieleza, na watafiti wa huko baadaye waliwapa kuku H9N2 pamoja na chanjo hai ya bronkaitisi: ugonjwa ukawa mkali zaidi na kuku wakatoa virusi kwa siku nyingi zaidi kuliko waliopewa H9N2 pekee. Ukilitazama hilo utaelewa jinsi chanjo nzuri, ikitolewa wakati mbaya, inavyoweza kuonekana kuwa muuaji.

Kwa hiyo siku moja kabla ya kuchanja, ingia bandani usiku taa zikiwa zimezimwa, simama kimya na usikilize. Ukisikia mkoromo, ahirisha na umwite daktari wa mifugo.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja na ambalo hutokea sana. Wapo wanaonunua chupa ya kideri na chupa ya bronkaitisi na kuzichanganya katika ndoo moja ili kuokoa muda. Virusi hivi viwili hugombea seli zilezile, na vya bronkaitisi vikiwa vingi kupita kiasi huzuia vile vya kideri visizaliane vya kutosha. Kuku wanaonekana wamechanjwa mara mbili, kumbe kinga ya kideri ni haba. Chanjo ya pamoja iliyotengenezwa kiwandani katika chupa moja haina tatizo hilo, kwa sababu kiwango cha kila kirusi kimepimwa kisimzidi mwenzake. Ukitumia chupa mbili tofauti, ziache mbali kwa muda wa wiki mbili hivi. Maji yenye klorini huiua chanjo, kwa hiyo weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, kabla ya kumimina chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili ili wanywe wote kwa pamoja, na hakikisha yamekwisha ndani ya saa mbili.

Na kabla ya kumfuata rafiki yako, jiulize pia kama chanjo ya gumboro ilishika bandani mwako. Virusi vya gumboro, vilivyopewa jina la eneo moja la Delaware, Marekani, vilikotambuliwa mwaka 1962, havishambulii koo. Huharibu kiungo kilicho juu ya tundu la nyuma la kifaranga ambamo chembe za kinga hukomaa. Kundi lililopitiwa na gumboro kimyakimya katika wiki ya tatu haliwezi kuitikia chanjo yoyote ipasavyo, na baada ya hapo kila virusi vya koo vinavyopita hupata mlango. Kuku wa rafiki yako wako sawa kwa sasa kwa kuwa kideri hakijafika kwake. Kikifika kwenye kundi lisilochanjwa, kinaweza kuua karibu wote.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa kienyeji, Singida. Kila mwaka kiangazi kikikaribia kwisha, mdondo unapita kijijini na kufagia. Mwaka jana nilinunua chanjo ya matone walipoanza kuumwa, na bado walikufa. Mwaka huu wanavuta pumzi kwa shida, midomo wazi, na ndani ya vinywa kuna utando wa manjano. Je, huu ni mdondo wa aina mpya?

Jibu: Marahaba, mama. Utando ndani ya kinywa si kawaida ya mdondo. Kwanza fikiria ndui ya kuku, ambayo ina sura mbili: ile ya vipele kwenye upanga na kuzunguka macho, inayojulikana na kila mtu, na ile ya ndani, inayoweka utando kwenye kinywa na mlango wa bomba la hewa hadi kuku anakosa pumzi. Jaribu kuunyanyua utando huo taratibu kwa kijiti safi cha pamba. Ukishikamana na kuacha damu, yaelekea ni ndui. Ukiwa ni vidonge vyeupe vidogo vinavyotoka kirahisi bila damu, tazama upungufu wa vitamini A, ambao huja kiangazi majani mabichi yanapokosekana. Na upungufu huo wenyewe hudhoofisha ngozi laini ya njia ya hewa na kuvikaribisha virusi. Unaweza kukuta vyote viwili kwa kuku mmoja, na mdondo juu yake. Wape majani mabichi, mchicha au majani ya maboga, hata kabla ya kupata jibu.

Kuku wako wa mwaka jana walikufa kwa sababu chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga, ilhali waliokwisha kuvuta virusi vikali huugua ndani ya siku chache, mara nyingi siku ya tano au ya sita. Aidha mkono uliomshika kuku mgonjwa na kumtia tone, kisha ukamshika mzima, unaweza kuwa ndio uliosambaza. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inafaa sana kwa mazingira yako. Mbegu yake iliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji ya uhakika, nayo hutengenezwa hapa Tanzania. Inavumilia joto kuliko nyingine, ingawa haivumilii jua, kwa hiyo ibebe ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye unyevunyevu. Kila kuku hupata tone moja jichoni, awe kifaranga au jogoo mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Panga mzunguko mmoja uangukie angalau mwezi mmoja kabla ya msimu unaoujua wewe mwenyewe, na kama una dawa ya minyoo, itangulize wiki mbili kabla ya chanjo. Chanjo ya ndui hutolewa kando, kwa kuchoma utando wa bawa, na baada ya siku saba hadi kumi unatakiwa kuona kauvimbe pale ulipochoma. Usipokaona, chanjo haikushika.

Neno moja kuhusu mnada. Kuku asiyepata mnunuzi akarudishwa nyumbani kwenye tenga lilelile lililochanganya kuku wa vijiji kumi ni hatari kuliko kuku mgeni, kwa kuwa hakuna anayemshuku. Muuze kwa bei ya hasara, au mle jioni hiyo.

Swali: Nimesoma kwamba ugonjwa wa kuku wangu ni virusi vya korona. Nina watoto wadogo nyumbani, Mombasa. Je, niwachome kuku wote?

Jibu: La, usichome kuku wako. Virusi vya bronkaitisi ni vya tawi jingine la jamii ya korona, na havijulikani kuambukiza binadamu. Nawa mikono kama kawaida, wapike vizuri.

Swali: Mimi niko Masaka, Uganda, karibu na ziwa, na bata wangu huchanganyika na ndege wa porini. Tulipata mafua ya ndege hapa zamani. Nitajuaje kama ni hayo au ni mdondo tu? Na je, virusi vya mdondo na vya mafua vikikutana ndani ya kuku mmoja, vinaweza kuzaa virusi vipya?

Jibu: Kumbukumbu yako ni sahihi. Januari 2017 virusi vikali vya aina ya H5N8 vilithibitishwa Uganda, kwanza kwa ndege wa porini waliokutwa wamekufa ufukoni mwa Ziwa Viktoria eneo la Entebbe, kisha kwa bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hutajua kwa macho. Mafua makali ya ndege na mdondo mkali vyote huua ghafla, huvimbisha vichwa, hubadilisha rangi ya upanga kuwa zambarau na kuleta mharo. Kwa sababu hiyo vifo vingi vya ghafla ndani ya siku moja au mbili huripotiwa kwa ofisi ya mifugo ya wilaya bila kusubiri kuhakikisha, na mizoga haipasuliwi nyumbani, hailiwi, wala haitupwi ziwani. Hapa ndipo ninapomjibu pia mfugaji wa Kibaha: kuku wanaokoroma wiki tatu na kufa mmoja mmoja hawafanani na mafua makali, lakini wanaweza kuwa na H9N2, na ndiyo maana nimemwomba aiulize maabara.

Kuhusu kuzaana, virusi vya mdondo na vya mafua ni vya jamii tofauti na haviwezi kubadilishana urithi. Wasiwasi ni pale virusi viwili vya jamii moja vinapokutana kwenye seli moja. Urithi wa virusi vya mafua umegawanyika katika vipande vinane vilivyo huru, kwa hiyo aina mbili zikiingia kwa bata mmoja, vipande vinaweza kuchanganyika na kutoa aina ambayo haikuwapo jana. Bronkaitisi haina vipande, lakini aina zake mbili zikikutana zinaweza kuungana katikati na kutoa ya tatu, na hata virusi vya chanjo hai hushiriki katika hilo. Ndiyo sababu siwashauri wafugaji kuleta chanjo ya bronkaitisi ya aina ambayo haijaonekana katika eneo lao, eti kwa kuwa muuzaji amesema ni mpya na kali. Kwa bata wako, tenga chombo chao cha maji na chakula ndani ya uzio, mbali na kuku. Nawe jikinge: mdondo unaweza kukupa macho mekundu kwa siku kadhaa, jambo linalowapata sana wanaotoa chanjo bila uangalifu, lakini baadhi ya aina za mafua ya ndege zimewaua watu.

Swali: Kuku wangu 200 wa mayai wamepona mafua, wanaendelea kutaga vizuri kiasi. Nimeagiza mitamba 150 (kuku jike ambao hawajaanza kutaga), na wanafika mwezi ujao. Nina banda kubwa moja lenye nafasi. Naweza kuwachanganya? Niko Iringa.

Jibu: Usiwachanganye. Kuku aliyepona si lazima awe ameachana na vijidudu. Mikoplazma hukaa naye maisha yake yote. Virusi vya laringotrakeitisi, ambavyo ni vya jamii ya hapesi na humfanya kuku akohoe kamasi yenye damu, hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani na hurudi kutoka pale anapopata mshtuko: anapoanza kutaga, anapohamishwa banda, au anapowekwa na kuku asiowajua. Yaani tendo lenyewe la kuwachanganya laweza kuviamsha. Bronkaitisi nayo yaweza kutolewa kwa vipindi wiki nyingi baada ya dalili kwisha. Mitamba wako watafika wakiwa wamechoka na safari, wakiwa wanakaribia kuanza kutaga, na hiyo ndiyo hali dhaifu kuliko zote katika maisha yao.

Lililo bora ni kuwauza wazee wote kabla ya mitamba kufika, kutoa maranda yote, kuosha kwa sabuni kabla ya kupuliza dawa, kwa kuwa dawa ikimwagwa juu ya kinyesi haifiki kwenye vijidudu, na kuliacha banda tupu na kavu kwa wiki mbili au zaidi. Virusi vingi vya koo nilivyovitaja leo vina utando wa mafuta na hufa upesi kwa sabuni na ukavu. Vya gumboro havina utando huo na huweza kudumu bandani kwa miezi, hivyo usifupishe usafi kwa kutegemea ukavu peke yake. Kama mapato ya kuku hao 200 ndiyo yanayolipia chakula cha mitamba na huwezi kuwauza, jenga banda la muda la mitamba upande upepo unakotokea, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mhudumu aanze kwa mitamba kila asubuhi na amalizie kwa wazee, awe na viatu vya kila banda, na trei za mayai za upande mmoja zisivuke kwenda upande wa pili. Waulize pia waliokukuzia mitamba hao ni chanjo zipi wamepata na tarehe zake, uzipate kwa maandishi kabla ya kulipa salio.